Moro Jazz, Cuban Marimba na kosa langu la ubaoni

Najua nimekuwa kimya mno, wengine mmeshaanza kuuliza kama nimedisko. Hapana bwana, nipo, sijadisko (bado!). Ni TP ndiyo iliyonimaliza, na tangu nirudi chuo nimekuwa na deni moja linaloninyima usingizi. Si deni la hela, hayo tumeshayazoea. Hili ni deni la ualimu. Leo nalilipa hapa, kwa hiyo tafuteni mahali pa kukaa maana ni ndefu kidogo na ina historia ndani. Wale wa Fizikia na Hisabati mnaosema historia ni kukariri tarehe tu, naomba mvumilie mpaka mwisho.

Ilikuwa hivi. TP yangu nilipangiwa Morogoro, sekondari moja ya kutwa. Kidato cha Tatu, wanafunzi sitini na kitu chumba kimoja, mimi na chaki yangu. Mada ilikuwa vyama vya kijamii wakati wa ukoloni: vyama vya wafanyakazi, vyama vya kusaidiana, ngoma za beni na kadhalika, vile vilivyokuja kuwa udongo ambamo TANU iliota. Siku hiyo supavaiza akatokea bila taarifa. Si mnajua wenyewe ile hali, unageuka kuandika ubaoni ukigeuka tena unamwona amekaa dawati la nyuma na fomu yake mkononi. Jasho likanitoka.

Nikataka kuonyesha kwamba mimi ni mwalimu wa mifano ya mazingira, kama tulivyofundishwa kwenye mbinu za kufundishia. Nikasema tusiende mbali, hapahapa Moro kulikuwa na bendi kubwa, Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka Mwinshehe. Darasa likachangamka. Kijana mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, hiyo bendi iko wapi siku hizi? Ilikufaje?"

Andalio la somo halikuwa na jibu. Lakini supavaiza ananitazama, na mimi nikaona mwalimu hawezi kukaa kimya. Nikageuka nikaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa: Morogoro Jazz ilikufa mwaka 1979 baada ya kiongozi wake, Mbaraka Mwinshehe, kufariki kwa ajali. Madaftari sitini na kitu yakanakili.

Binti mmoja wa mstari wa pili akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, babu yangu anasema Mbaraka alishaondoka Moro Jazz zamani kabla hajafa."

Wadau, najua nilichopaswa kusema. Nilipaswa kusema, "Ahsante, hebu tulichunguze hilo." Badala yake nikasema, "Hayo ya babu tutayazungumza baadaye, tuendelee na somo." Darasa likacheka. Binti akashusha mkono, akainama kwenye daftari lake akanakili nilichoandika. Supavaiza akanipa alama nzuri tu, akanisifia hasa ule mfano wa mazingira.

Jioni ile nilipofika gheto nikaanza kutafuta. Kumbe babu yuko sahihi na mimi ndiye niliyedanganya watoto wa watu. Nikaendelea kusoma, na nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyoona kwamba kosa lenyewe ni kubwa kuliko mwaka mmoja uliokosewa. Basi naomba niwaeleze vizuri, kama ningelifundisha upya.

Tuanzie pale pale kwenye beni. Ngoma hii ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Watu waliona bendi za kijeshi za Wazungu, tarumbeta na madaraja ya vyeo, wakazigeuza kuwa ngoma yao. Kukawa na vyama viwili vikubwa vya mashindano, Marini na Arinoti, na vita vya kwanza vya dunia vikasambaza ngoma hiyo bara kupitia askari na wapagazi. Kuna watu hapa kozini huwa wanasema muziki si historia ya kweli. Basi wajue kwamba Terence Ranger, profesa wa kwanza wa historia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975. Kitabu kizima! Kwa hiyo tusidharauliane.

Baada ya beni likaja dansi. Hili halikuwa la kuzunguka barabarani kwa gwaride, lilikuwa la ukumbini, mwanamume na mwanamke, gitaa, saksafoni na tumba. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Msichanganyikiwe na hilo neno jazz, muziki waliopiga haukuwa jazz ya Wamarekani weusi. Neno lilimaanisha bendi ya kisasa, basi. Ndiyo maana tulikuwa na Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, kila mkoa na jazz yake. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1933, kampuni ya HMV ilikuwa inasambaza Afrika sahani za santuri za muziki wa Kuba, zile zilizojulikana kwa herufi GV. Watu waliokuwa hawajui Kihispania hata neno moja wakasikiliza zile rumba, wakatambua ngoma ambazo asili yake ni Afrika, zimevuka bahari na sasa zimerudi nyumbani.

Sasa njooni Morogoro. Kwa nini Morogoro, mji kasoro bahari, na si kwingine? Nilikuwa naona tu ni bahati, lakini mkitazama ramani mnaona sababu. Reli ya kati kutoka Dar ilifika hapo mwaka 1907. Barabara ya Iringa na ya Dodoma zinaachana hapo. Na kuzunguka mji kulikuwa na mashamba ya mkonge, maelfu ya vibarua kutoka makabila chungu nzima, wote mbali na kwao, wote wanalipwa mshahara, na Kiswahili ndiyo lugha pekee wanayoelewana. Mtu wa namna hiyo akipata mshahara anataka mahali pa kwenda jioni, na anataka wimbo anaouelewa. Kwa maneno mengine, bendi ilipata wateja kabla haijapata wapigaji.

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka huohuo wa 1944 ndio aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe. Mnaona? Bendi na yeye ni rika moja! Yaani mimi nilikuwa nafundisha kana kwamba yeye ndiye aliyeizaa, kumbe wakati bendi inapiga madansi ya kwanza yeye alikuwa mtoto wa mgongoni.

Miaka minne baadaye, mwaka 1948, kijana wa miaka ishirini aitwaye Salum Abdallah akaanzisha kundi jingine hapohapo Morogoro. Kwanza liliitwa La Paloma, baadaye likawa Cuban Marimba. Husimuliwa kwamba alizipenda mno zile santuri hata akatoroka nyumbani aende Kuba kwenyewe, akaishia Mombasa. Mimi nikisoma hapo nilicheka peke yangu, lakini baadaye nikaona si jambo la kucheka. Alipoikosa Kuba, aliileta Kuba Morogoro. Akachukua mwendo ule wa rumba akaweka juu yake Kiswahili cha mapenzi, mawaidha, na baadaye uhuru. Hadi leo ukimsikiliza huwezi kusema unasikiliza mtu aliyeiga.

Mji mmoja, bendi mbili kubwa. Wadau mnaojua maana ya Simba na Yanga hamhitaji maelezo. Huu upinzani ndio uliowanoa wote. Ukitunga wimbo mzuri Jumamosi hii, wenzako Jumamosi ijayo lazima wajibu. Na kila bendi nchini ilijitafutia mtindo wake wenye jina: Western Jazz wakawa na Saboso, Moro Jazz wakawa na Sululu, na wale NUTA Jazz wa Dar wakawa na Msondo, jina lililowaganda mpaka likawa jina la bendi.

Uhuru ulipokuja mambo yakawa magumu kidogo kuyaeleza. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoanzisha wizara ya utamaduni, alilalamika kwamba watu wamejifunza kucheza dansi za kigeni, rumba na nyinginezo, huku wengi hawajui ngoma za kwao. Hebu jiweke mahali pa Salum Abdallah. Jina la bendi yako lina neno Cuban. Wewe ni wa kigeni au wa kwenu? Lakini jibu la wananchi lilikuwa miguuni, waliendelea kucheza. Na serikali yenyewe haikuua dansi, badala yake iliikumbatia. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaanzisha bendi yake na kufanya jambo jipya kabisa: wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Lishikeni hili, tutalirudia.

Mwaka 1965 Salum Abdallah akafariki kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Sasa hapa angalieni: Cuban Marimba haikufa. Juma Kilaza aliipokea na kuiongoza, ikaendelea. Kama bendi hufa kwa sababu kiongozi amekufa, hii ilipaswa kufa 1965. Mfano wa kulipinga jibu langu ulikuwa umbali wa mitaa michache tu kutoka darasani kwangu.

Karibu na wakati huo, katikati ya miaka ya 1960, Mbaraka Mwinshehe akaingia Morogoro Jazz. Huyu alikuwa anapiga gitaa la solo, anatunga, anaimba, vyote yeye. Bendi iliyokuwa na zaidi ya miaka ishirini ikapata damu mpya. Mwaka 1970 ikapelekwa Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya Expo 70. Bendi ya mkoa, wadau. Si ya mji mkuu, si ya jeshi, ya mkoa. Na Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi 1971 katika ile vuta nikuvute ya ujamaa vijijini, Mbaraka alimtungia wimbo. Ndiyo maana nasema hizi nyimbo ni vyanzo vya historia. Sisi tunafundishwa kuwa vyanzo ni nyaraka, masimulizi na mabaki ya kale, tunasahau kwamba kulikuwa na watu waliotangaza taarifa ya habari kwa gitaa.

Halafu mwaka 1973 Mbaraka akaondoka Moro Jazz. Ndiyo, 1973. Akaanzisha bendi yake, Super Volcano, na nyimbo kama Shida zikapendwa Tanzania na Kenya. Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Wakati anakufa alikuwa na miaka sita hayumo Morogoro Jazz. Babu alikuwa sahihi kabisa, na niliyekosea ni mimi, msomi mwenye alama nzuri za TP.

Sasa swali la yule kijana bado liko palepale. Kama si kifo cha mtu mmoja, bendi za mikoani zilizimikaje? Nimesoma, nimefikiri, naona sababu zimesukana kama mkeka.

Ya kwanza ni vyombo. Gitaa la umeme, vipaza sauti, ngoma, vyote vinatoka nje na vinahitaji fedha za kigeni. Kwenye dansi la Tanzania mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mpigaji ana vidole vyake tu. Akigombana na uongozi anaondoka na vidole vyake, vyombo vinabaki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, wakati ambapo santuri nyingi za Watanzania zilikuwa zinatengenezwa Nairobi. Kisha vita vya Uganda vya 1978 hadi 1979, kisha ile hali ya miaka ya 1980 ambayo wazazi wetu wakiisimulia wanaanza na foleni za sukari. Kama sukari haipo, nyuzi za gitaa zitatoka wapi?

Ya pili ni ule mshahara niliosema mshike. Baada ya NUTA zikafuata nyingine: bendi za jeshi, za polisi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Nyingi ziko Dar. Mwanamuziki wa mkoani anayegawana mapato ya mlangoni, akisikia Dar kuna mshahara na pengine nyumba, unafikiri atafanya nini? Mlimani Park Orchestra, ile ya jina la baa iliyokuwa karibu na chuo kikuu, ilipoanzishwa mwaka 1978 ilibebwa na shirika la teksi la umma, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC. Hata huko Dar kwenyewe walinyang'anyana: mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, akiwemo Muhiddin Maalim Gurumo, walihamia International Orchestra Safari Sound ya mfanyabiashara mmoja. Kama wa Dar walivutana hivyo, bendi ya mkoa ingeshindana na nini?

Ya tatu ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu inatuhusu sisi walimu watarajiwa. Mkonge ulianguka. Soko lake la dunia liliporomoka tangu miaka ya 1960 kamba za plastiki zilipoingia, na vibarua wakapungua. Bendi iliota kwenye mshahara wa vibarua wale. Wateja walipoondoka polepole hakuna aliyeandika popote kwamba leo bendi imekufa. Hakuna tarehe. Mimi nilitaka tarehe kwa sababu tarehe inaandikika ubaoni na inasahihishika kwenye mtihani. Nikaikosa, nikaitengeneza.

Kilichobaki ni kanda. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi hizi kwa miaka mingi, na bila kanda zile sijui tungekuwa na nini cha kusikiliza. Na kilichobaki kingine ni kina babu, ambao sisi tunawaambia "tutazungumza baadaye."

Basi wiki iliyopita bumu lilipotoka nikaona isiwe tabu. Nikapanda SGR asubuhi, chini ya saa mbili niko Moro. Nilivyokuwa nimekaa mle ndani na kiyoyozi nikawaza ile reli ya 1907 na vibarua walioshuka pale na vifurushi vyao. Nikaenda shuleni, nikamwomba mkuu wa shule dakika kumi za darasa langu la zamani. Akashangaa, akadhani nimesahau kitu. Nikamwambia ndiyo, nimesahau.

Nikasimama mbele. Nikasema, "Toeni madaftari, fungueni somo la beni. Pale nilipoandika 1979, kateni mstari." Nikaandika upya: 1944, 1973, 1979, kila mwaka na tukio lake. Nikasema mwenzenu huyu alijaribu kunisahihisha, mimi nikamnyamazisha kwa sababu niliogopa mgeni aliyekaa nyuma, na mwalimu hatakiwi kufanya hivyo. Safari hii hakuna aliyecheka. Moyo ulikuwa unanidunda kuliko siku ya supavaiza, nawaambia ukweli.

Yule kijana muuliza swali akasema, "Kwa hiyo mwalimu, jibu ni nini?" Nikawaeleza hizo sababu tatu, nikawaambia wakamalizie kwa wazee wao, kila mtu aulize nyumbani dansi ya Jumamosi ilikuwaje na iliisha lini kwenye mtaa wao.

Nilipokuwa natoka binti akanifuata mlangoni. Nikamwambia, "Nisamehe, na mpe babu shikamoo yangu." Akasema atamfikishia. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Ila mwalimu, babu anasema hao vibarua wa mkonge mnawataja tu siku zote. Na yeye alikuwa mmoja wao. Anasema uje umuulize na yeye mwenyewe."

Nimeahidi kwenda likizo hii, panapo majaliwa. Nimeshanunua daftari jipya kwa ajili hiyo, na safari hii wa kunakili ni mimi. Nanyi mliorudi TP, kama kuna kitu mlikiandika ubaoni mkijua hamna uhakika nacho, bado kuna muda. Nauli si kubwa hivyo.

Haya, ngoja nikimbilie seminari, nimeshachelewa. Tuonane kafteria.